Abeid Amani Karume na majumba ya dola lililotoweka

Zaidi ya nusu karne imepita tangu alipouawa rais wa kwanza wa Zanzibar, na maelfu ya watu wangali wanaishi katika majumba aliyoyajenga kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nchi iliyoyachora majumba hayo haipo tena. Majumba yapo, na yapo pia maswali kuhusu watu waliotoweka katika miaka hiyo hiyo ya ujenzi.

Mgeni anayetoka Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuvuka barabara ya Darajani kuelekea mashariki huona mji ukibadilika ghafla. Vichochoro na milango ya kuchongwa huishia hapo, na mbele yake yanasimama majengo marefu ya ghorofa, marefu kuliko uwanja wa mpira, yaliyopangwa pande nne za njia panda kama mikono ya msalaba. Wenyeji hupaita Michenzani. Kila jumba linatambulika kwa namba yake, na mtu akiulizwa anakoishi hutaja namba hiyo bila kueleza zaidi. Kwa macho ya aliyewahi kufika Berlin, Leipzig au Dresden, majengo hayo hayana ugeni wowote, kwani yametoka katika meza moja ya mchoraji.

Mtu aliyeyaweka hapo alikuwa baharia.

Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905. Historia rasmi ya Zanzibar inamtaja kuwa mzaliwa wa Mwera, kisiwani Unguja, ingawa mahasimu wake wa kisiasa hawakuchoka kudai kwamba asili yake ni bara na kwamba kwa hiyo hakuwa na haki ya kuzungumza kwa niaba ya wana wa visiwani. Alisoma kidogo tu. Akiwa bado kijana aliingia melini, akafanya kazi za ubaharia kwa miaka mingi na kuziona bandari za mbali ambazo wasomi wengi wa Zanzibar wa wakati ule walizijua kwa vitabu tu. Aliporejea akawa msimamizi wa ushirika wa motaboti zilizowavusha abiria kati ya meli zilizotia nanga na gati la Unguja. Kazi ile ilimkutanisha na kila aina ya watu, na huko ndiko alikojifunza siasa: kugawa zamu, kusuluhisha ugomvi wa nauli, kujua nani wa kuaminiwa na nani wa kuangaliwa.

Maskani yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa ghuba ndogo iliyoutenga mji wa mawe na makaazi ya watumwa wa zamani, vibarua, wachukuzi na mafundi. Nyumba za huko zilikuwa za udongo na makuti, na ardhi zilimosimama nyingi zilikuwa mali ya watu wengine. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, na suala la nani anamiliki ardhi chini ya nyumba ya maskini halikupata kuisha tangu siku hizo. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilichora mipango ya kuutengeneza upya mtaa huo baada ya Vita Vikuu vya Pili, lakini ilijenga kidogo. Asiyeyajua haya huyaona majumba ya Michenzani kama kichekesho cha ukomunisti. Kwa Karume yalikuwa jibu la madai ya zamani kuliko chama chochote cha siasa.

Chama chake kiliundwa Februari 1957, Jumuiya ya Waafrika ilipoungana na sehemu ya Jumuiya ya Washirazi na kuzaa Afro-Shirazi Party. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Karume aligombea kiti cha Ng'ambo dhidi ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Zanzibar Nationalist Party na mmoja wa wasomi wakubwa wa visiwani. Baharia alimshinda msomi. Chaguzi zilizofuata hazikuwa na furaha ile. Ule wa Juni 1961 uliishia katika ghasia zilizoua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Karume kilipata asilimia 54 ya kura, lakini kutokana na jinsi majimbo yalivyogawanywa kiliambulia viti 13 tu dhidi ya 18 vya muungano wa wapinzani wake. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani na serikali ambayo wengi wa wapiga kura hawakuichagua. Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja.

Msikilizaji wa Uganda, awe Lango au chini ya milima ya Rwenzori, kule Maliba, Kasese na Bwera, huenda akalijua zaidi jina jingine katika mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. John Okello, kijana mzaliwa wa Lango aliyekuwa amekwenda Pemba na Unguja kutafuta kazi, ndiye aliyesikika redioni akijiita Jemadari na kutoa vitisho vilivyowatia watu hofu. Maelfu waliuawa au kukimbia, wengi wao Waarabu, na idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Okello hakudumu. Katika muda wa wiki chache Karume alimweka kando na kumfukuza visiwani, na mara ya mwisho Okello kuonekana hadharani ilikuwa Uganda mwaka 1971, siku za mwanzo za utawala wa Idi Amin. Karume akabaki rais.

Berlin yapata nafasi

Uingereza na Marekani zilisitasita kuitambua serikali mpya hadi tarehe 23 Februari 1964. Katika pengo hilo waliingia wengine. Umoja wa Kisovieti na China zilikuja haraka, lakini hakuna aliyekuja na haja kubwa kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, dola la kikomunisti lililokuwa likitawala sehemu ya mashariki ya Ujerumani tangu 1949. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni kwamba ingevunja uhusiano na nchi yoyote itakayolitambua dola hilo, na kwa sababu hiyo nchi nyingi changa za Afrika zilikaa mbali nalo. Zanzibar haikuwa na cha kupoteza. Ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kulitambua, na balozi wa Berlin Mashariki akafungua ofisi yake Unguja.

Kwa hiyo kisiwa kidogo cha karafuu kiligeuka dirisha la maonyesho. Walikuja madaktari, walimu, wahandisi na wataalamu wa uvuvi. Hospitali kuu ya mji ikapewa jina la V. I. Lenin. Vijana wa Kizanzibari wakapelekwa kusoma Ujerumani Mashariki. Na walikuja pia watu ambao kazi yao haikutangazwa: Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa dola hilo, alifika mwenyewe Zanzibar mwaka 1964 kushauri juu ya uundaji wa idara ya usalama.

Karume hakuwa Mkomunisti. Katika serikali yake walikuwamo waliozisoma nadharia za Marx kwa makini, hasa Abdulrahman Babu, aliyeegemea China, na Abdulla Kassim Hanga, aliyesoma Moscow. Karume aliwasikiliza, akawatumia, na hakuwaamini. Alichotaka kutoka kwa marafiki wapya kilikuwa kitu cha kushikika. Ahadi ya kwanza aliyoichukua kutoka Berlin ilikuwa nyumba.

Muungano na Tanganyika wa tarehe 26 Aprili 1964 ulitatiza mambo. Bara ilikuwa ikipokea misaada ya Ujerumani Magharibi, na Bonn ilitaka ubalozi wa Unguja ufungwe. Mwalimu Julius Nyerere alijaribu njia ya katikati: ubalozi ushushwe kuwa konseli, na Berlin Mashariki iwe na konseli kuu Dar es Salaam bila ya kutambuliwa rasmi. Mapema mwaka 1965 Bonn ilijibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere, aliyeona kwamba nchi yake inaamriwa, akaikatalia misaada mingine pia. Ni nadra kwa ghorofa chache za mtaa wa mjini kugharimu kiasi hicho. Karume kwa upande wake hakutetereka hata kidogo. Wajerumani aliowataka walikuwa wale waliokuwa wakichanganya saruji Kikwajuni.

Majumba ya Kikwajuni ndiyo yaliyotangulia. Yalijengwa kama zawadi ya Berlin katika miaka ya katikati ya sitini, na karibu nayo upo uwanja wa mpira uliopewa jina la Mao Zedong. Mtu anaweza kusimama barabarani hapo na kuitazama kwa wakati mmoja mikono miwili ya ukomunisti iliyokuwa ikigombea kisiwa kimoja. Familia zilizohamia zilikuta vitu ambavyo Ng'ambo haikuvijua: maji ya bomba ndani ya nyumba, jiko, choo cha kuvuta, umeme. Hazikununua. Zilipewa.

Karume alitaka zaidi. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki chini ya Hubert Scholz, ulikusudia kuibomoa sehemu kubwa ya Ng'ambo na kujenga karibu nyumba 7,000 za ghorofani. Barabara pana zilinyooshwa katikati ya mitaa, na penye njia yake palibomolewa nyumba, viambaza vya vizazi vitatu au vinne vikaanguka kwa siku moja. Waliobomolewewa waliahidiwa nyumba mpya, na wengi walingoja miaka. Raia walitakiwa kutoa nguvu kazi: waliobeba mawe, mchanga na zege Michenzani walikuwa wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi na wanachama wa chama, kwa kazi iliyoitwa ya kujitolea lakini ambayo si rahisi mtu kuikataa. Karume mwenyewe alikuwa akifika mara kwa mara kukagua ujenzi. Wataalamu wa Berlin walipoona kwamba mradi unakuwa mkubwa kuliko uwezo wake, yeye aliona kwamba unakwenda polepole.

Uhusiano ukapoa. China ilitoa mikopo isiyo na riba na wataalamu waliokubali kuishi kwa kipato kidogo, na kufikia mwaka 1970 Wajerumani wengi walikuwa wamekwishaondoka. Michenzani iliendelea bila wao, kwa fedha za karafuu. Hatimaye zilikamilika nyumba zaidi kidogo ya 1,000, sehemu ndogo ya zile zilizokuwa zimechorwa.

Fedha za karafuu zinastahili kusemwa. Bei ya zao hilo ilikuwa nzuri na serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni, lakini Karume aliikalia. Aliamini kwamba kisiwa kinapaswa kula kinachokilima, akapunguza uagizaji wa mchele, sukari na unga, na mwanzoni mwa miaka ya sabini watu walipanga foleni kwa chakula cha mgao. Kwa upande mwingine ardhi iliyotaifishwa iligawiwa wakulima kwa eka tatu tatu, shule na matibabu vikawa bure, na mtoto wa mchukuzi akaketi dawati moja na mtoto wa mwenye shamba. Wazanzibari waliokuwapo hawakubaliani hadi leo kipi kikumbukwe kwanza, na mara nyingi jibu linategemea mtaa aliozaliwa msemaji.

Waliotoweka

Hakukuwa na uchaguzi. Karume alitangaza kwamba Zanzibar haitaupiga tena kwa miongo mingi, kwa hoja kwamba uchaguzi ni chombo walichokitumia wakoloni kuwanyima wengi haki yao. Hoja hiyo ilikuwa na mzizi katika mwaka 1963, na ndiyo maana iliwavuta wengi. Lakini penye serikali isiyoondoka kwa kura panahitajika chombo kingine cha kuilinda, na chombo hicho kilikuwa tayari: idara ya usalama iliyonufaika na ushauri wa Berlin. Watu walichukuliwa usiku. Jela ya Kwa Bamkwe ikawa jina ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 1970 wasichana kadhaa wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na viongozi wa serikali, na tendo hilo liliifikisha Zanzibar katika magazeti ya dunia nzima.

Miongoni mwa waliotoweka alikuwamo Kassim Hanga. Alikuwa makamu wa Karume katika siku za Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, kisha waziri katika serikali ya Muungano. Huko Moscow alikuwa amemwoa Lily Golden, mwanamke wa Kisovieti ambaye baba yake alikuwa Mmarekani Mweusi, na wakapata binti, Yelena. Hanga alikosana na wakubwa, akakamatwa, akaachiwa, akakamatwa tena. Mwaka 1969 Nyerere alimkabidhi Zanzibar pamoja na Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi mjini Washington. Wote wawili waliuawa. Yelena Khanga alikulia Moscow bila baba, akawa mwandishi wa habari na mtangazaji wa televisheni anayejulikana Urusi nzima, na Umoja wa Kisovieti ulipokuwa ukielekea kuanguka alisafiri hadi Zanzibar kuwatafuta ndugu wa baba yake. Aliwapata ndugu. Kaburi hakulipata.

Karume naye hakufa kitandani. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa katika makao makuu ya chama chake, Kisiwandui, akicheza bao na wenzake, pale watu wenye silaha walipoingia na kumpiga risasi. Aliyetajwa kuwa mkuu wao alikuwa Luteni Humud Mohammed Humud, ambaye baba yake aliuawa kizuizini baada ya mapinduzi, na yeye mwenyewe aliuawa papo hapo. Mamia walikamatwa. Babu, aliyekuwa Dar es Salaam, alitiwa kizuizini bara, akahukumiwa kifo na mahakama ya Zanzibar bila ya kuwapo, na hakuachiwa hadi 1978. Aboud Jumbe alichukua madaraka, akafungua tena milango ya chakula na kuyamalizia majumba ya Michenzani. Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1972, Ujerumani mbili zilipokuwa zikipatana, Tanzania ililitambua rasmi dola la Berlin Mashariki. Karume hakuishi kuiona siku hiyo.

Dola hilo lenyewe lilidumu miaka 18 zaidi. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani ikaacha kuwapo. Majalada ya polisi wake wa siri yalifunguliwa kwa raia, na Wajerumani waliochunguzwa waliweza kwenda kusoma yaliyoandikwa juu yao na nani aliyeyaandika. Zanzibar haikupata kitu kama hicho. Mwanafunzi aliyeondoka na mwalimu akaizidi kwa hilo: kule Berlin daftari lilifunguliwa, huku halikufunguliwa.

Mtu wa Kasese aliyeziona nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba wa Kilembe anajua hali ya nyumba ambazo mwenye kuzijenga ameondoka. Kule ilikuwa kampuni ya Canada, na shaba ilipokoma kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya themanini nyumba zilibaki na watu wakabaki ndani yake. Mfumo ulikuwa tofauti kabisa na wa Berlin, matatizo ya bomba na paa ni yale yale. Michenzani maji huishiwa nguvu kabla ya kufika ghorofa za juu, na ndoo hupandishwa kwa ngazi. Kuta zinadai rangi na saruji imepasuka katika sehemu nyingi. Hakuna wa kuandikiwa barua Berlin. Hata hivyo ni wachache wanaohama kwa hiari. Chini ya majumba pamefunguliwa maduka na vinyozi, kwenye veranda hutandazwa nguo na mikeka, na nyumba iliyopewa mchukuzi mwaka 1970 leo ina wajukuu wanaogombea nani atakayeirithi.

Katikati ya njia panda serikali ilijenga mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi. Hatua chache kutoka hapo ni Kisiwandui, alipouawa Karume na alipozikwa. Mwanawe, Amani Abeid Karume, aliiongoza Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Kila tarehe 7 Aprili ni siku ya mapumziko Tanzania nzima, na viongozi wa Muungano na wa visiwani huketi Kisiwandui kwa khitma, Qurani ikisomwa kwa ajili ya marehemu kivulini mwa majengo aliyoyaacha. Familia ya Hanga na za wengine waliochukuliwa usiku husoma khitma zao nyumbani, kwa kuwa hazijaonyeshwa walikozikwa watu wao.